Nimetumia mfumo wa kuendesha hoteli hapa Malindi: kwa pesa na vyumba uko sawa, kwa kukuamulia bado sana

Naanza na maksi kabisa ili asiye na muda asimalize bando: tatu na nusu kwa tano. Ingekuwa ni kupima kazi ya risepsheni na kaunta peke yake ningeupa nne na nusu, lakini hii kitu inauzwa kama "msaidizi wa meneja", na hapo kwenye umeneja ndipo maksi zilipovuja. Jina la kampuni sitaji, wanaouza ni watu tunakutana nao mjini na bado nawategemea wanitumie fundi, ila ukiwa kwenye biashara ya hoteli hapa Malindi au Watamu utaijua tu, ni hii sistimu inayokuja na tableti za risepsheni na baa, apu ya simu, na ile dashibodi, yaani ukurasa wa ripoti zote, wa rangi tatu, kijani njano na nyekundu.

Sisi ni hoteli ndogo, vyumba 18, upande wa Silversand, swimingi puli moja, baa, na mkahawa unaolisha hata watu wa nje wikendi. Bosi ni Mtaliano, kama hoteli nyingi za huku, na sehemu kubwa ya mwaka yuko kwao, kwa hivo mimi ndiye meneja, nusu mhasibu, na mtu wa kupokea simu ya saa nne usiku. Kabla ya huu mfumo tulikuwa na daftari kubwa la buking, faili la Eksel ambalo kila mtu ana kopi yake na hakuna kopi mbili zinazofanana, bili za baa zimechomekwa kwenye msumari, na grupu la WhatsApp ambalo risiti ya samaki inafuatwa na salamu za Ijumaa inafuatwa na video ya mtoto wa mtu anacheza. Bosi akiuliza jana tumeingiza ngapi, jibu lapatikana saa sita mchana, na hiyo ni siku mhasibu hakwenda benki.

Sasa sifa zake, nazo ni za haki. Kwanza buking. Wewe una vyumba vyako Booking.com na Airbnb, kuna ajenti wa Milano anatuma imeili, kuna wateja wa Nairobi wanapiga simu moja kwa moja, na kuna rafiki wa bosi aliyeahidiwa chumba kwa mdomo tu, hapo lazima siku moja chumba kimoja kiuzwe mara mbili. Huu mfumo unafunga tarehe kila mahali chumba kikishachukuliwa, na wiki ya Ferragosto, ile ya tarehe 15 Agosti ambayo Italia nzima iko likizo na sisi hatuna hata kitanda cha kukunja, haukukosea hata chumba kimoja. Hiyo kwangu ni nyota mbili peke yake.

Pesa pia. Tili ya M-Pesa imeunganishwa, mteja akilipa bili inajifunga, risiti ya eTIMS, ile ya kodi, inatoka hapo hapo, na mhasibu hana tena ile kazi ya kukesha mwisho wa mwezi akiandika upya kila kitu kwa ajili ya KRA, watu wa kodi. Stoo nayo, ukitoa kreti ya soda inaandikwa nani katoa na saa ngapi, na nakwambia tangu ijulikane kila kilo ina jina la mtu, sukari yetu imeanza kufika tarehe 30. Siseme zaidi.

Tatizo linaanza asubuhi. Saa kumi na mbili simu inalia ting, ripoti ya okupansi, yaani vyumba vingapi vina wageni. Ting, mapato kwa kila chumba. Ting, ulinganisho na wiki jana, ting, na mwezi uliopita, ting, mteja ameacha maoni mapya, ting, nyanya ziko chini, ting, hoteli jirani imebadilisha bei. Mpaka nimalize kupiga mswaki nishajua mambo mengi kuhusu hii hoteli kuliko meneja yeyote aliyekalia kiti changu kabla yangu, na bado sijui la muhimu siku hiyo, ambalo ni kwamba mpishi wa asubuhi hajafika.

Nilisoma diploma ya mambo ya hoteli na kuna mwalimu alikuwa hachoki kumtaja Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1978, sisi tukaona ni mambo ya mtihani tu. Kumbe huyu mzee mwaka 1971, kabla hata simu ya mkononi haijaingia sokoni, alishasema kwamba habari zinakula umakini wa anayezipokea, zikiwa nyingi mno umakini ndio unakuwa haba. Na kabla ya hapo, miaka ya 1950, alikuwa ameshaeleza kwamba mtu anayeamua hatafuti jibu bora kuliko yote, hana muda wala uwezo wa kupima kila njia, anatafuta linalotosha halafu anaendelea na kazi. Ndio mimi huyo, na ndio kila meneja wa barabara ya Casuarina. Nataka kujua kama niite wahudumu wawili wa ziada Jumamosi, basi, sitaki grafu ya wahudumu tangu Januari.

Mwingine ni Russell Ackoff, yeye mwaka 1967 aliandika kwamba wanaotengeneza mifumo ya habari kwa mameneja wanadhani meneja amepungukiwa na habari za maana, wakati shida yake kubwa ni wingi wa zisizo na maana, tena meneja ukimuuliza anataka habari zipi atasema nipe zote, kwa sababu hajui ipi atakuja kuihitaji. Wallahi ni kana kwamba alikuwepo siku tunafungiwa mitambo. Kijana wa kampuni akauliza mnataka ripoti gani na gani, bosi kwenye spika ya simu akajibu neno moja, tutti, yaani zote.

Kwa hivo utakayenunua, ingia kwenye setingi siku hiyo hiyo uanze kuzima. Mimi nimebakisha vyumba vya leo na kesho, pesa ya jana kwa upande wa mfumo na kwa upande wa stetimenti ya M-Pesa, madeni ya maajenti yaliyopita mwezi, na dizeli ya jenereta. Nyingine naziangalia Jumatatu nikiwa nimekaa. Kuzima kwenyewe si rahisi, kila ripoti ina swichi yake imefichwa kwenye menyu yake, na wakileta apdeti zinajiwasha tena, hapo nimewakata nusu nyota bila huruma.

Sasa ngoja niwape ya samaki. Juni hii dashibodi ikawa nyekundu upande wa jikoni, gharama ya samaki imepanda vibaya kulinganisha na robo ya kwanza ya mwaka. Bosi anaona nyekundu akiwa kwao, anapiga simu kabla sijatoka nyumbani, sauti iko juu, ati yule muuzaji wetu anatuibia, mtafute mwingine, au toa samaki kwenye menyu weka kuku. Mtu wa Malindi ukimwambia Juni samaki ni ghali atakuangalia tu asikujibu. Ni Kusi hiyo, upepo wa kusini. Bahari imechafuka, ngalawa na mashua ndogo siku nyingi hazitoki, anayethubutu anarudi na changu wa kuhesabu, na nguru ukimuona mnadani washamgombania watu watano. Upepo ukigeuka Kaskazi bei inashuka yenyewe. Mfumo haujui Kusi wala Kaskazi, unachukua robo hii unaiweka kando ya robo iliyopita unapaka rangi, basi. Tena yule muuzaji ndiye anayetuletea sisi kwanza wakati wa shida kwa sababu wakati wa neema hatumkimbii kwa shilingi ishirini, na hilo haliko kwenye kolamu yoyote. Ningemfukuza Juni, Agosti Wataliano wamejaa mezani wanataka samaki wa kuchoma, ningewapa nini, okupansi?

Nilichofanya ni hiki, na kwangu ndicho kitu bora kuliko vyote kwenye hii sistimu ingawa kijana wa mauzo hakukitaja hata kidogo. Ukibonyeza namba yoyote ukashikilia, inafunguka sehemu ya kuandika maelezo, na maelezo hayo yanakaa na ile namba popote inapokwenda, hata kwenye simu ya bosi. Nikaandika: Kusi, bahari mbaya, bei ya soko zima, Juni ya mwaka jana ilikuwa hivi hivi, halafu nikaweka na ile namba ya Juni ya mwaka jana niliyoitoa kwenye Eksel ya zamani. Bosi alipofungua kesho yake akaikuta nyekundu na sababu yake pamoja. Simu haikulia. Tangu siku hiyo nimewafundisha mpishi mkuu, storekipa na dada wa risepsheni, namba yako ikiwa nyekundu iandikie sababu kabla ya saa mbili asubuhi, kwa Kiswahili cha kawaida, bosi ana tafsiri kwenye simu. Saa hii mazungumzo yetu na bosi yamekuwa mafupi na ya maana, mana haulizi tena "kwa nini", anauliza "tufanye nini".

Wameongeza na AI ya kusoma maoni ya wateja. Inapitia Kitaliano, Kiingereza, Kijerumani, inakupa mukhtasari wa mistari mitano, na tafsiri yake si mbaya, nisiionee. Lakini Novemba ilitutolea kituko. Mukhtasari ukasema wateja kadhaa wamelalamikia maji machafu, ukaweka chini ya Usafi, alama ya usafi ikaporomoka. Bosi akaagiza puli imwagwe yote isuguliwe, tanki la juu litolewe maji, fundi bomba aitwe. Nikamwambia nipe saa moja, nikafungua maoni yenyewe nikayasoma moja moja. Walikuwa wanasema bahari! Mvua zimepiga bara, mto Athi umejaa huko juu, sisi tunaupokea hapa ukiitwa Sabaki na matope yake yote, na Kaskazi ikianza yale matope yanasukumwa huku kwenye ghuba yetu, maji ya ufuoni yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mama mmoja aliandika wazi kabisa kwamba chumba kilikuwa kinang'aa ila bahari imemvunja moyo. Mashine imeona maji, imeona machafu, imeunganisha. Na puli likimwagwa ni siku ngapi za kujaza na bili ya maji ya namna gani, wenye hoteli mwajua.

Kilichosaidia hata si cha kompyuta. Tukaanza kuwaandikia wageni wa Novemba mapema, kwenye ile imeili ya kuthibitisha buking, kwamba kuna siku bahari ya hapa mbele inabadilika rangi na zikitokea tutawapeleka kuogelea Watamu. Malalamiko yakapungua sana, na wengine wakaja wakisema ahsanteni kwa kutwambia ukweli. Hilo wazo halikutoka kwenye mukhtasari, lilitoka kwenye kusoma maneno ya yule mama mwanzo mpaka mwisho. Mukhtasari utumie kujua wapi pa kuchungulia, ukishafika hapo soma mwenyewe.

Hiyo ni ya kucheka, ya baa haikuwa na kicheko. Jumamosi moja usiku stima ikapotea, jenereta ikashika taa lakini rauta, kile kifaa cha neti, ikagoma kuwaka, tableti ya baa ikaendelea kufanya kazi bila neti kama ilivyoahidiwa, inaweka mauzo kichwani mwake mpaka neti irudi. Neti ikarudi. Asubuhi ripoti inasema kijana wa baa ana upungufu wa shilingi 17,000, na kwa sababu ya setingi za mwanzo ripoti hiyo imefika kwa bosi dakika ile ile ilipofika kwangu. Amri ikaja, kata kwenye mshahara. Kijana yuko mbele yangu, amekunja aproni mkononi, ananiambia, "Madamu, hizo pesa mimi sijazishika. Angalia bili, usiniangalie mimi."

Tukakaa nazo. Nikatoa stetimenti ya M-Pesa, kila muamala na namba yake ya kumbukumbu, nikachukua na karatasi za oda alizoandika kwa mkono gizani. Ikaanza kuonekana. Meza namba sita, saa tatu na dakika arubaini na mbili usiku, bia nne na sahani mbili za viazi karai. Halafu tena meza namba sita, saa ile ile mpaka sekunde, bia nne na sahani mbili za viazi karai. Karatasi ya oda ni moja, malipo ni moja, mauzo kwenye mfumo ni mawili. Neti iliporudi ilikuwa inakatika katika, tableti ikatuma baadhi ya bili, haikupata jibu kwamba zimefika, ikazituma tena. Tulipozitoa zile pacha upungufu ukaisha wote. Kampuni nikawatumia picha, siku ya kwanza wakasema haiwezekani, baadaye wakakubali wakarekebisha, na kusema kweli tangu warekebishe haijajirudia.

Lakini niliposikia lile neno haiwezekani nilikumbuka kisa cha posta ya Uingereza, na naomba kila meneja akitafute akisome. Wenye vituo vidogo vya posta kule waliwekewa mfumo wa kompyuta unaoitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, ukaanza kuenea 1999. Ukawa unaonyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Waliposema pesa hatujachukua, wakubwa wakaamini kompyuta, na mpaka kufikia 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wameshtakiwa, wengine wakafungwa, wengine wakafilisika wakijaribu kulipa deni ambalo si lao. Mahakama Kuu ikaja kusema 2019 kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na 2024 Bunge lao likapitisha sheria ya kufuta zile hukumu. Miaka yote hiyo! Sisi ni 17,000 na baa moja, lakini yule kijana ana watoto na alikuwa anakwenda kuitwa mwizi mtaani kwake kwa sababu ya rauta. Saa hii sheria ya nyumba yetu ni kwamba upungufu haukatwi kwa mtu mpaka mfumo, stetimenti na hesabu ya mkono viwekwe pamoja, na ripoti za upungufu nimezielekeza zije kwangu kwanza, bosi anazipata saa sita mchana zikiwa na maelezo. Mwanzo hakupenda. Nikamtumia habari za Horizon kwa Kitaliano, akasoma, akanyamaza, akakubali.

AI ya bei nayo. Izimeni. Ndio ushauri wangu wote lakini ntaeleza kidogo mana wauzaji wanaisifia sana. Inakisia wateja kwa kuangalia tarehe zilizopita, na tarehe za biashara yetu hazikai mahali pamoja. Pasaka ya 2024 ilikuwa 31 Machi, ya 2025 ikawa 20 Aprili. Sasa Machi 2025 mfumo unaona vyumba vitupu ambavyo mwaka uliotangulia vilijaa, unapiga kelele shusha bei, na Aprili yenyewe ambayo wageni wanakuja unaihesabu kama mwezi wa mvua usio na mtu, nayo unataka uishushe. Ungeuachia uamue tungeuza wiki ya Pasaka kwa bei ya Mei. Idd ndio usiseme, Ramadhani inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, familia za Mombasa na Nairobi zikija Idd zinakuja na watoto na shangazi na wanataka vyumba vya pamoja, mfumo unashtuka kila mwaka utadhani ni mara ya kwanza kusikia. Kisha walituchukulia data zetu zote za zamani wakaziingiza bila kuuliza, ikiwemo 2020, mwaka ambao Kenya ilifunga ndege za abiria za kimataifa kuanzia 25 Machi mpaka 1 Agosti. Mashine inaona Julai ya sifuri inadhani ni tabia ya Malindi. Nimewaambia watoe 2020 na 2021 kwenye hesabu, wametoa, makisio yakawa afadhali.

Halafu kuna hili la hoteli jirani. AI inafuatilia bei za majirani mtandaoni, jirani akishuka inakushauri ushuke. Jirani yetu upande wa kushoto ana sistimu hii hii. Kwa hivo yeye akishuka mimi naambiwa nishuke, mimi nikishuka yeye anaambiwa ashuke, na Mei yote tulikuwa tunasukumana kwenda chini hivo mpaka nikavuka ua nikaenda kunywa kahawa na meneja mwenzangu. Kila mtu akazima yake, akarudi kupanga bei kwa kichwa chake.

Kuna Henry Mintzberg, Mkanada, aliwafuata mameneja wakuu watano kazini akiangalia wanachofanya hasa, akachapisha 1973, na alichokuta ni kwamba habari zao nyingi wanazipata kwa mdomo, kwa simu, kwa kusimama mlangoni mwa mtu, na kazi yao ni vipande vipande vya dakika chache. Nusu karne na zaidi, na mimi na dashibodi yangu bado niko hivo hivo. Mzee wetu wa geti anajua mambo ambayo tableti haitakuja kuyajua. Juzi jioni kaniita, "Mwanangu, wale wa chumba cha tisa na cha kumi hawali hapa leo. Wameshapatana na wa tuktuk awapeleke Watamu, nimewasikia mimi." Mfumo ulikuwa unaonyesha watu sita wa chakula cha usiku, kamba washatolewa kwenye friza wanasubiri kuoshwa. Nikaenda jikoni wakarudishwa kabla hawajayeyuka. Kila asubuhi tunasimama dakika chache nje ya jikoni, mpishi, hausikipa, storekipa, mzee wa geti akimaliza shifti yake, kila mtu aseme alichoona, kisha ndio nafungua dashibodi. Mpangilio huo usiugeuze, ukianza na dashibodi utawauliza watu maswali ya dashibodi na watakujibu ya dashibodi.

Huduma yao kwa jumla ni ya wastani wa juu. Fundi wa hapa Malindi ni kijana mwenye adabu, anakuja siku hiyo hiyo kama si Jumapili. Namba ya simu ya msaada ya wikendi inalia tu, na hoteli haina wikendi, warekebishe hilo. Sisi tunalipa 9,500 kwa mwezi na AI iko ndani, na hawakubali kuitoa wapunguze bei, nimejaribu. Vyumba chini ya kumi sidhani utaona faida, daftari zuri na kalenda ya bure ya mtandaoni vitakutosha. Ukiwa na baa na mkahawa hapo inalipa, na inalipa kwenye stoo kuliko popote.

Kitu ambacho watu hawaulizi, pasipoti za wageni. Tunazipiga picha zinaingia kwenye mfumo, na Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, mwenye hoteli ndiye atakayeulizwa na Kamishna wa data, si kijana wa mauzo. Waulizeni kwa maandishi data inakaa wapi, nani anaiona, na mkiachana mnapewa faili lenu lote kwa Eksel au vipi. Sisi walijibu, ila ilibidi niulize mpaka wakanichoka.

Na mkataba wenu angalieni unaisha lini. Wetu waliuandika uishe Desemba, katikati ya haisizoni, wakati ambao huwezi kuhama hata wakupandishie bei mara mbili, na wanalijua hilo. Nyie semeni Mei, vyumba vitupu, muda wa kufundisha watu mfumo mwingine upo, na wao ndio wanaokuhitaji.